Sauti ya Mtambo ni Ahadi: Namna ya Kubadilisha Ujumbe wa Simu Ukiwa Mbali

Khalati yangu anaishi Kisii mjini tangu kabla mimi sijaanza shule. Aliolewa huko na bwana wa jamii ya Wanubi, akazaa, akapata wajukuu, na leo anazungumza Ekegusii kama aliyezaliwa milimani. Mwezi Februari 2025 nilipanda basi kutoka Mombasa kwenda kumtazama. Ana presha ya macho, ule ugonjwa unaokula nuru polepole bila kuuma, na dawa yake ya matone ilikuwa imebaki ya siku tatu tu.

Kliniki anayotibiwa iko upande wa Nyamira. Kabla ya kutoka tukafanya kile ambacho kila mtu mwenye busara hufanya: tukapiga simu. Nambari ilikuwa ya zamani, zile zinazoanza na 058. Ikapokewa na mtambo. Sauti ya dada mmoja, tamu na ya upole, ikasema kliniki ya macho ni kila Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi, na kwamba mgonjwa aje na kadi yake ya NHIF.

Alhamisi asubuhi tukapanda matatu barabara ya kwenda Chemosit. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mabonde yote yamejaa ukungu, na khalati amejifunika shuka mbili juu ya buibui. Tulipofika langoni bawabu akatuamkia, "Bwakire buya," kisha akamtazama mama wa watu kwa huruma. Kliniki ya macho ilihamishiwa Jumanne, akasema, tangu mwaka uliopita.

Khalati hakugomba. Alisema neno moja tu ambalo halijanitoka mpaka leo: "Mwanangu, mimi sikukosea siku. Nimeambiwa na simu."

Mimi nilijilaumu. Bima ya NHIF ilikwisha, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na SHA. Mtambo uliponiambia habari ya kadi ya NHIF, nilipaswa kujua hapo hapo kwamba ninasikiliza maneno ya zamani. Sikujua kwa sababu sauti iliyorekodiwa haizeeki. Karatasi iliyobandikwa ukutani huchakaa na wino wake hupauka, msomaji akaona kwa macho yake kwamba tangazo lina umri. Sauti ya mtambo huwa mpya kila siku, hata ikiwa inasema uongo.

Nikaingia ndani kuuliza. Karani wa mapokezi, binti mwenye adabu sana, akaniambia ukweli wote. Walijua kwamba ujumbe umepitwa. Tatizo ni kwamba fundi aliyeuweka mtambo alihamia Eldoret, na nambari ya siri alikuwa nayo yeye. Halafu akaongeza, kwa aibu kidogo: "Na sisi wenyewe huwa hatupigi nambari yetu."

Tuliondoka tukazunguka maduka ya dawa ya Kisii hadi tukapata matone ya kumfikisha Jumanne. Alhamdulillahi, hakukosa hata siku moja. Lakini mwenye presha ya macho akikosa dawa, nuru inayopotea hairudi. Wako wangapi waliosikia sauti ile ile, wakalipa nauli ile ile, wakarudi nyumbani wasipate pesa ya kuja tena?

Nilisomea diploma ya mawasiliano pale Mombasa Polytechnic, ambayo siku hizi ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na vifaa hivi nimevishika kwa mikono yangu. Ndiyo maana safu ya leo naitoa kueleza jambo moja: kubadilisha ujumbe wa simu ukiwa mbali na ofisi ni kazi ya dakika tano, na ufundi wake ni wa miaka mingi. Kinachokosekana katika ofisi zetu ni mtu aliyekabidhiwa jukumu hilo kwa jina.

Mtambo unakusikia vipi?

Kila kitufe cha simu ukikibonyeza hutoa milio miwili kwa wakati mmoja, mmoja mzito na mmoja mwembamba. Kitufe cha 1, kwa mfano, huunganisha mlio wa mitetemo 697 kwa sekunde na ule wa 1,209. Kitufe cha 5 ni 770 na 1,336. Milio miwili ilichaguliwa makusudi ili sauti ya mtu au kelele ya barabarani isije ikadhaniwa kuwa amri. Simu za namna hii zilianza kuuzwa kwa umma Marekani mwezi Novemba 1963. Kabla yake kulikuwa na zile za kuzungusha gurudumu kwa kidole, ambazo wazee wetu wanazikumbuka.

Faida ya milio hii ni kwamba husafiri ndani ya waya ule ule wa mazungumzo. Kwa hiyo mtambo ulioko Nyamira unaweza kupokea amri kutoka kwa mtu aliyeko Keroka, Mombasa au Muscat, mradi tu amepiga ile nambari na anaijua nambari ya siri. Ukibonyeza simu ya mkononi, mtandao ndio unaokutolea milio hiyo kwa niaba yako. Mtambo hautambui tofauti.

Njia za kuubadilisha

Njia ya kwanza ni ya mashine ndogo ya mezani yenye simu moja. Mwenye ofisi hupiga nambari yake mwenyewe kutoka nje. Ujumbe ukianza kusema, anabonyeza nyota au kitufe kingine kilichotajwa kwenye kitabu cha mashine, kisha nambari ya siri. Mashine inamsomea orodha. Anachagua kurekodi, anangoja mlio, anasema maneno yake, anabonyeza alama ya reli (#) kumaliza. Kisha anasikiliza alichorekodi na kukubali. Vitufe hutofautiana kwa kila aina ya mashine, lakini mpangilio ni huo huo.

Njia ya pili ni ya swichibodi, ule mtambo wa hospitali, shule na viwanda unaosema "kwa idara ya malipo bonyeza moja." Nao hufunguliwa kwa nambari ya siri, ila humo kuna jumbe nyingi: wa mchana, wa usiku, wa sikukuu, wa kila idara. Makosa mengi hutokea hapa. Mtu hubadilisha ujumbe wa mchana akausahau wa usiku, na anayepiga saa mbili za usiku anasikia habari za mwaka juzi.

Njia ya tatu ni ya kompyuta. Mwaka 1999 Mmarekani Mark Spencer alianzisha programu iitwayo Asterisk, inayogeuza kompyuta ya kawaida kuwa swichibodi kamili, na hailipiwi. Hapo ujumbe ni faili ya sauti tu. Unarekodi kwa utulivu nyumbani, unaituma kwa intaneti, inawekwa mahali pa ile ya zamani. Simu ya kawaida hubeba sehemu ndogo tu ya sauti ya mwanadamu, kwa hiyo usihangaike na vifaa vya studio. Chumba chenye makochi na mapazia, milango imefungwa, kinatosha.

Njia ya nne ni ya kukodi huduma. Kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi huuza huduma za sauti ambazo mtambo wake haupo ofisini kwako kabisa, uko kwenye kompyuta zao. Unaingia kwa intaneti na kubadilisha unachotaka. Sifa yake ni kwamba umeme wa Nyamira ukikatika, ujumbe unaendelea kujibu.

Njia ya tano ni kuandika badala ya kusema. Kompyuta inayasoma maandishi kwa sauti. Hili lilishafanyika kwetu: mwaka 2008 Wizara ya Kilimo, chini ya mpango wa NALEP, ilianzisha NAFIS, huduma ambayo mkulima alipiga simu akasikiliza taarifa za mazao na mifugo kwa Kiswahili au Kiingereza, sauti ikitokana na maandishi. Ukibadilisha neno moja, simu inasema neno jipya. Kwa kliniki ya kijijini, hata hivyo, mimi bado naiamini zaidi sauti ya mtu. Bibi wa miaka sabini anayesikia Ekegusii cha binti wa kwao hutulia na kusikiliza hadi mwisho.

Na kwa ofisi ndogo isiyo na mtambo, yenye simu ya mkononi tu, iko njia nyepesi kuliko zote: kuihamisha simu iende kwa mtu aliye zamu. Unabonyeza **21*, kisha nambari ya huyo mtu, kisha #. Kuondoa ni ##21#. Tahadhari: matapeli nao wanaijua. Mtu usiyemjua akikuambia ubonyeze alama hizo "ili tukusaidie," kata simu. Atakuwa anahamisha simu zako zimwendee yeye.

Kalenda yetu haingoji fundi

Kuna anayeuliza, kwani lazima ubadilishe ukiwa mbali? Si ungoje Jumatatu ufike ofisini? Hebu tuutazame mwaka 2024 peke yake, kwa macho ya hospitali yoyote ya umma iliyoko Kisii au Nyamira.

Katikati ya Machi madaktari waligoma. Katikati ya mgomo huo ikaingia Idd-ul-Fitr, ambayo ni sikukuu ya taifa kisheria, lakini sisi Waislamu tunajua kwamba siku yake huamuliwa na mwezi ukionekana jioni. Mgomo ukamalizika tarehe 8 Mei baada ya siku 56. Siku hiyo hiyo Rais akatangaza kwamba Ijumaa ya tarehe 10 Mei ni mapumziko ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko na ya kupanda miti. Shule nazo, ambazo muhula wa pili ulikuwa umeahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya mafuriko hayo, zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kisha Oktoba ikaja SHA.

Hesabu ni mara ngapi ujumbe wa simu ulipaswa kubadilika, na mara ngapi habari ilifika jioni, ofisi imefungwa, karani yuko kwake anapika. Kama ujumbe hauwezi kubadilishwa kutoka jikoni kwake, basi hautabadilishwa. Na mgonjwa wa kutoka Borabu atapanda matatu alfajiri kuja kukuta mlango umefungwa.

Wagusii wana jambo jingine tusilokuwa nalo Pwani. Mji wa Keroka umekaa mpakani mwa kaunti zote mbili, na umekuwa ukigombaniwa. Mtambo unaosema "njoo ofisi yetu ya Keroka" haujasema kitu. Lazima utaje upande, na alama anayoijua dereva wa matatu.

Lakini tusiwacheke watu wa milimani, maana kwetu ni yale yale. Piga simu za ofisi zetu usiku wa kuamkia Idd, usikie utakachoambiwa. Wangapi wetu tumeshateremka hadi gatini tukakuta mashua imeshaondoka, kwa kuwa pepo zimegeuka na hakuna aliyebadilisha tangazo?

Useme nini ukirekodi

Kwanza, taja tarehe. "Ujumbe huu ni wa tarehe 3 Machi 2025." Maneno haya machache yangemwokoa khalati yangu, kwa sababu yanaipa sauti umri. Anayesikia tarehe ya mwaka juzi atajihadhari mwenyewe.

Pili, tanguliza lililobadilika. Watu wa Kisii na Nyamira, kama sisi, hununua muda wa maongezi wa shilingi kumi au ishirini. Ukianza kwa muziki na historia ya hospitali, pesa itakwisha kabla ya habari kufika.

Tatu, angalia saa. Kwetu saa mbili asubuhi ni saa mbili asubuhi. Lakini bara wapo wanaotafsiri kutoka Kiingereza wakasema "saa nane asubuhi," na msikilizaji akabaki njia panda. Sema "saa mbili asubuhi, jua likishachomoza," hata kama utaonekana mshamba. Bora kueleweka.

Nne, lugha. Ekegusii kwanza, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza kama kuna haja. Na ukibadilisha moja, badilisha zote siku hiyo hiyo. Ujumbe unaosema Jumanne kwa Kiingereza na Alhamisi kwa Ekegusii unamwadhibu yule yule asiyesoma.

Tano, rekodi jumbe za dharura mapema na uziweke akiba: wa mgomo, wa sikukuu, wa barabara kukatika, wa umeme kupotea. Siku ya tukio ni kubonyeza tu. Mitambo mingi ya kisasa hukubali pia upange tarehe ya ujumbe kuanza na tarehe ya kukoma, ili wa Idd usiendelee kusema hadi Mfunguo Pili.

Sita, na hili ndilo wengi huliacha: ukimaliza, piga nambari yako kwa simu nyingine usikilize kama mgeni. Fanya hivyo kila Jumatatu. Fanya hivyo pia baada ya mvua ya radi, kwa maana radi si mgeni Gusii, na baadhi ya mashine umeme ukikatika husahau kila kitu zikarudi kwenye ujumbe wa kiwandani.

Ufunguo wa mlango huu

Kinachofunguka kwa mbali kinaweza kufunguliwa na mwizi aliye mbali. Uingereza mwaka 2011 gazeti kongwe la News of the World lilifungwa baada ya kubainika kwamba watu wake walikuwa wakisikiliza kwa siri jumbe za simu za watu. Mlango mkubwa waliopitia ni nambari za siri ambazo wenyewe hawakuwahi kuzibadilisha tangu kununua simu.

Kwa hapa kwetu hatari iko karibu zaidi na mfuko. Mwizi akiipata nambari ya siri ya mtambo wa hospitali, anaweza kurekodi ujumbe wake: "Lipa ada ya kujiandikisha kwa nambari ifuatayo." Nani atashuku, na sauti inatoka kwenye simu ya hospitali yenyewe? Wengine huutumia mtambo kupiga simu za nchi za nje, na bili ikaja kwa mwenye mtambo.

Kwa hiyo badilisha nambari ya siri siku ile ile mtambo unapowekwa. Usitumie 0000, wala 1234, wala mwaka wa kuzaliwa. Wajue watu wawili, sio mmoja na sio kumi. Iandikwe, itiwe kwenye bahasha, ifungiwe kwenye kabati la msimamizi. Na mfanyakazi akiondoka, nambari ibadilishwe siku hiyo, kama unavyobadilisha kufuli. Fundi kuhamia Eldoret si kosa lake. Kosa ni la aliyemwacha aondoke na ufunguo wa nyumba.

Tulimalizia wapi

Nilirudi Mombasa, lakini nilikuwa nimeacha nambari yangu kwa yule karani. Baada ya wiki mbili akanipigia. Fundi amepatikana, nambari ya siri ametoa. Afanye nini? Nikamwambia abadilishe kwanza hiyo nambari, kisha aandike maneno kwenye karatasi, asome mara tatu kwa sauti ndipo arekodi. Alifanya kazi yote jioni moja akiwa kwao, upande wa pili wa kaunti, mtoto mgongoni. Akaniomba nisikilize.

Nikapiga 058 nikiwa nimekaa barazani. Sauti ile ile tamu, ambayo kumbe ilikuwa yake mwenyewe siku zote, ikataja tarehe ya siku hiyo. Kisha ikasema Ekegusii ambacho sikukielewa, kisha Kiswahili: kliniki ya macho ni Jumanne, saa mbili asubuhi, njoo na kitambulisho.

Nikampigia khalati, nikamwambia apige na yeye. Akapiga. Akanirudia akicheka: "Huyu binti leo amesema kweli."

Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na dini yetu inatufundisha kwamba amana hurudishwa kwa mwenyewe. Ofisi ikiweka sauti yake kwenye simu imetoa ahadi kwa kila atakayepiga, mchana na usiku, hata kama hakuna mtu ofisini. Wewe unayesoma haya na una duka, madrasa, zahanati au ofisi ya umma, sikuombi ununue kitu chochote. Ukimaliza kusoma, ipigie nambari yako mwenyewe usikilize.